Bomba la moshi lililoishia darini

Tone la kwanza lilidondokea kwenye manda. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, nimeshapanga manda za sambusa kwenye sinia na kuzifunika kwa kitambaa chenye unyevu, na nilipokifunua nikakuta doa la kahawia, la duara, kubwa kama sarafu. Nikadhani ni mjusi. Nikazitoa zilizochafuka, nikasogeza sinia. Tone la pili likanipata kwenye kiganja, na hapo nikajua si mjusi, maana lilikuwa linateleza. Nikalinusa. Mafuta ya kukaangia yaliyochacha, yenye harufu ya samaki wa Ijumaa iliyopita.

Nikatazama juu. Dari ya jipsamu, niliyoipaka rangi nyeupe kabla ya Ramadhani, ilikuwa na duara la manjano pana kama ungo, na katikati yake uvimbe mdogo unaomemeta. Nikazima jiko. Asubuhi ile sikukaanga kitu, na wateja wangu wa shule walikuja wakarudi mikono mitupu.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: ninakaa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, na kazi yangu ni kukaanga. Sambusa, kachori, kababu, na samaki siku za Ijumaa. Nakaangia nyumbani, kwenye jiko la ndani, na mama yangu mzazi analala chumba kinachofuata. Mama alipika kwa kuni na mkaa tangu akiwa msichana, na kifua chake kinaonyesha. Kwa ajili yake nilihamia kwenye gesi, na kwa ajili yake pia baba watoto alininunulia hudi, ile mashine ya kuvuta moshi inayokaa juu ya jiko.

Nilipanda darini siku ileile, na tochi ya simu mdomoni. Niliyoyaona kule nitayaeleza taratibu, kwa sababu naamini nyumba nyingi zina kitu kama kile na wenyewe hawajapanda kutazama.

Kwanza, bomba. Fundi aliyenifungia hudi alitumia bomba la plastiki la inchi nne, lilelile linalotumika kwa maji machafu ya chooni. Lilitoka kwenye hudi, likapanda, likapinda, likalala juu ya mbao za dari karibu mita nne, likapinda tena, likapinda mara ya tatu, kisha likaishia hapohapo. Halikutoka nje ya nyumba. Mdomo wake ulikuwa umeelekea kwenye kenchi, na mbao ya kenchi iliyokuwa mbele yake ilikuwa nyeusi, inang'aa kama imepakwa lami. Niligusa. Kidole kilizama kidogo. Chini ya ile mbao vumbi na utando wa buibui vilikuwa vimeshikana na mafuta vikawa kama sufi iliyochovywa, na katikati ya sufi ile zilipita nyaya mbili za umeme za taa ya jikoni.

Nilibaki nimepiga magoti pale juu, nikihesabu. Miezi minane. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa mbili na nusu za kukaanga. Yote yale niliyodhani yanatoka nje nilikuwa nayaweka akiba juu ya kichwa cha mama yangu, kwenye mbao kavu, kando ya waya. Cheche moja tu ya waya uliochubuka na panya ingetosha. Nilishuka miguu inatetemeka, nikakaa kwenye kiti cha mama, na mama akaniuliza, "Umeona nyoka?"

Yule fundi simtaji, wala sina nia ya kumharibia. Nilipompigia alinijibu kwa adabu kwamba, "Dada, wengi tunawafungia hivyo, darini kuna nafasi, moshi unajipotezea." Nadhani aliamini anachosema. Lakini moshi wa kukaanga haujipotezei. Mafuta yakishapata moto yanaruka kwa chembe ndogo zisizoonekana, yanasafiri na hewa ya joto, na yakikutana na kitu cha baridi yanatua na kugeuka mafuta tena. Ukiyapeleka darini, yatatua darini.

Na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu siku hizi tunahimizwa sana kuhamia gesi, na ni jambo jema. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa ya kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilichangia vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 peke yake. Mimi ni shahidi wa kifua cha mama, sihitaji kushawishiwa. Ila wengi wetu tukishanunua mtungi tunadhani kazi imekwisha. Gesi haina masizi, lakini mwali wake nao unatoa gesi zake zinazowasha kifua, na mafuta ya karai yanatoa mvuke uleule uliokuwa ukitoka wakati wa mkaa. Mvuke wa kukaanga kwa moto mkali umewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kwa mtu anayekaanga siku sita kwa wiki, hilo si neno la kulipita juu juu.

Nikaenda kumtafuta mzee wa bati.

Ni mzee anayetengeneza mifereji ya mvua, ndoo, makarai, masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Nilimkuta chini ya mwembe anakunja pindo la mfereji kwa nyundo ya mbao. Nikamwamkia, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, jiko lako limeegemea ukuta gani?"

Nikamwambia wa kusini. Akatikisa kichwa.

Alikuja kesho yake. Kitu cha kwanza hakupima hudi, hakugusa bomba. Alitoka nje akaizunguka nyumba, akasimama kila upande. Mimi nilikuwa nimeshapanga akilini: jiko liko ukuta wa kusini, basi tutoboe palepale nyuma yake, bomba litoke moja kwa moja, liwe fupi. Akaniita nje akanionyesha. Upande wa kusini kuna uchochoro wa mita moja, kisha dirisha la chumba cha kulala cha jirani yangu mwenye mtoto mchanga. Hilo lilitosha. Lakini kulikuwa na la pili ambalo mimi, mzaliwa wa pwani, sikuwa nimelifikiria. Kusi. Kuanzia Aprili au Mei mpaka kwenye Septemba upepo unatoka upande ule, siku nyingine kwa nguvu ya kufunga milango. Bomba likiutazama upepo wa kusi, upepo unaingia bombani na kurudisha moshi jikoni. Ukihamia ukuta wa mashariki au kaskazini, utapambana na kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi. Pepo zetu zote mbili kubwa zina mashariki ndani yake, moja kusini mashariki na nyingine kaskazini mashariki. Ukuta uliobaki, unaopewa mgongo na zote mbili, ni wa magharibi, unaoelekea ua wangu mwenyewe.

"Basi tupindishe bomba mpaka magharibi," nikasema.

"Hapana. Bomba usilipindishe. Hamisha jiko."

Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka uondoke nayo ukisahau mengine yote. Tunanunua jiko, tunaliweka tunapopapenda, tunatundika hudi juu yake, halafu tunamwambia fundi atafute njia ya bomba. Mzee alianza na njia. Kila unapolipinda bomba, hewa inapoteza nguvu. Elbo moja, yaani kona ya bomba, ya nyuzi 90 inaizuia hewa kama vile umeongeza mita kadhaa za bomba lililonyooka. Mimi nilikuwa na elbo tatu na mita nne na ushee. Feni ilikuwa inahangaika kusukuma, na mtu anaposikia feni inanguruma anadhani inafanya kazi.

Kisha akashika lile bomba la plastiki. Hudi yangu ina mdomo wa inchi sita, milimita 150. Fundi wa kwanza alilazimisha kwa kipunguzio mpaka inchi nne. Mzee akachora duara mbili sakafuni kwa chaki, moja ndani ya nyingine, akasema nitazame. Kwa macho tofauti ni inchi mbili, lakini nafasi ya kupita hewa kwenye inchi sita ni mara mbili na robo ya ile ya inchi nne. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mlango nilikuwa nimeufunga kwa pesa yangu. Na plastiki ile huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi, haifiki hata maji yachemkayo. Ikishika moto, moshi wake una tindikali. Sehemu ya kwanza ya bomba langu, ile iliyo karibu na hudi, ilikuwa imeshaanza kubonyea upande mmoja kama mshumaa uliokaa juani.

Nilimuuliza kuhusu lile bomba la foili linalovutika na kukunjika, ambalo madukani wanaliuza pamoja na hudi. Alilikataa pia kwa kazi ya kukaanga. Ndani yake limejaa mikunjo, kila mkunjo unakuwa kibakuli cha mafuta, na ni jembamba mno, likishika moto linaachia. Bati gumu, laini kwa ndani, basi.

Kabla sijafika kwenye kazi yenyewe niseme la ukubwa wa feni, kwa sababu ndugu na marafiki wameniuliza. Jiko langu lina mita 3 kwa 3.5 na dari iko mita 2.7. Zidisha, unapata kama mita za ujazo 28. Kwa jikoni inapendekezwa hewa yote ibadilishwe mara kumi na kuendelea kwa saa. Ukichukua kumi na mbili, unahitaji kama mita za ujazo 340 kwa saa. Boksi la hudi yangu limeandikwa 600. Namba ya boksi mara nyingi hupimwa bila bomba refu nyuma yake, kwa hiyo ukinunua inayolingana kabisa na hesabu yako utapungukiwa. Kwangu 600 ilitosha tangu mwanzo. Ilinyimwa njia tu.

Mzee alitengeneza vipande nyumbani kwake kwa siku mbili. Bati lenye zinki, geji 26, nene kuliko la mifereji yake ya kawaida. Nilikwenda kumtazama akitengeneza elbo, na ninashukuru nilikwenda. Hakukata kona moja kali. Alikata vipande vitano vyembamba, kila kimoja kimekatwa mshazari kidogo kwa mkasi wa bati, akaviunga kimoja baada ya kingine mpaka bomba likajipinda polepole kama mgongo wa kamba. Alinipa nipitishe mkono ndani. Hapakuwa na ncha hata moja. Kila alipounga alitumia ribiti fupi badala ya skrubu, akasema skrubu inaacha meno ndani, na meno hushika mafuta. Hakuchomelea kwa moto. Kijana wake alitaka kuchomelea pindo moja lililokuwa linasumbua, na mzee akamzuia kwa ukali ambao sijamwona nao tena: zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe, na anayeuvuta analala na homa na kutetemeka usiku ule.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa namna vipande vinavyoingiana. Mimi ningedhani kipande cha chini kiingie ndani ya cha juu, maana moshi unapanda. Mzee alifanya kinyume. Cha juu kinaingia ndani ya cha chini. "Moshi unapanda, lakini mafuta yanashuka," akasema. "Mimi ni mtu wa mifereji. Siku zote natazama kinachoshuka." Mafuta yanayoganda ukutani mwa bomba yakiteleza kurudi chini yanakutana na kiungo, na kiungo kikiwa kimeelekea vile, yanabaki ndani. Kikigeuzwa, yanatokea nje kwenye pindo na kutiririka juu ya kabati.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumapili. Nitaeleza kwa mpangilio tulioufuata, kwa sababu mpangilio ndio usalama wenyewe.

Mitungi yote miwili ya gesi, wa jikoni na wa akiba, ilitolewa mpaka mwisho wa ua kabla ya drili kuingia ndani. Shemeji yangu, ambaye ni fundi umeme, alizima umeme kwenye swichi kuu na kuweka karatasi ya tepu juu yake ili mtu asije akawasha. Mama alikwenda kwa dada yangu mpaka jioni, vumbi la tofali si la kifua chake. Watoto walipewa kazi ya kukaa upande wa barabara, kwa sababu ukutani mtu anapotoboa kutoka ndani hajui nani amesimama nje.

Tundu lenyewe, kwenye ukuta wa magharibi tulikohamishia jiko, lilituchukua asubuhi nzima. Nyumba yetu ina linta, ule mkanda wa zege wenye nondo unaoizunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha. Linta haikatwi. Mzee aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole akaipata, akapima kwenda juu, akachora duara la sentimita 17 kati ya linta na dari. Shemeji akahakikisha hakuna waya unaopita pale. Kisha kijana akatoboa matundu madogo madogo kuzunguka duara, kama anayetoboa kitambaa cha kofia, akaishia nusu ya ukuta, akatoka nje akaanza upande wa pili. Ukitoboa upande mmoja mpaka mwisho, tofali la upande wa pili hubanduka pande zima. Baada ya hapo ni tindo na nyundo, polepole. Wote walivaa miwani na barakoa. Mzee alivaa glovu za ngozi, na akanionyesha kovu refu kwenye kiganja chake, la bati, la miaka mingi, linalotoka kwenye kidole gumba mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ukingo wa bati ukikatwa ni kisu.

Tundu lilielekezwa kushuka kidogo kwa nje, kiasi cha unene wa kidole, ili mvua ya masika isitafute njia ya kuingia.

Hudi tuliipandisha. Ya kwanza ilikuwa imefungwa sentimita 50 tu juu ya jiko, kwa maelezo kwamba mimi ni mfupi na nitafikia swichi. Kwa jiko la gesi, vitabu vya hudi nyingi vinataka angalau sentimita 65, na changu kinasema hivyohivyo, kwa hiyo kisome cha kwako. Tumeweka 70. Karai la mafuta likishika moto mwali unaruka juu, na chujio la hudi lenye mafuta lililo karibu ndilo linalopeleka moto bombani. Tundika juu sana nako moshi unatawanyika kabla haujafika. Kuhusu swichi, ninanyoosha mkono, basi.

Bomba zima sasa ni hivi: linapanda wima sentimita 60, elbo moja, linapita ukutani, linatoka nje. Halifiki mita moja na nusu. Halijagusa mbao popote, kabati la juu tulilisogeza, na lipo wazi linaonekana. Viungo vyote vimezungushiwa tepu ya aluminiamu, ile ya mafundi wa viyoyozi. Ile tepu ya kijivu ya kitambaa hukauka kwa joto na kubanduka. Ya fundi wa kwanza niliikuta inaning'inia kama ganda la nyoka. Nje kuna kifuniko chenye kibati kinachofunguka hewa ikisukuma na kujifunga chenyewe feni ikizimwa, kuzuia upepo, panya na popo. Hakikuwekwa wavu wa mbu. Wavu wa matundu madogo kwenye moshi wa mafuta unaziba, na ukiziba umerudi ulikotoka.

Kwenye elbo mzee aliacha kidirisha chenye mfuniko, kinachofunguliwa kwa kulegeza klipu mbili. Hakuniuliza kama nakitaka.

Shemeji aliipa hudi soketi yake yenyewe, pini tatu, na waya wa ardhi aliupima kwa mashine yake. Mwili wa hudi ni chuma, mikono yangu siku zote ina maji au mafuta. Pale waya unapopita kwenye ukingo wa bati aliweka mpira, ili bati lisiukate kwa mtetemo.

Tulipowasha nilifurahi mapema mno. Mlango wa ukumbini ulikuwa umefungwa, dirisha la mashariki limefungwa kwa sababu ya vumbi. Feni ikanguruma. Nikataka kutoka nje kutazama, na mlango ukawa mzito, kama mtu anauvuta kutoka upande wa pili. Mzee akafungua dirisha kiasi cha kiganja, na mlango ukalegea palepale. Hewa haiwezi kutoka kama nyingine haiingii. Ukifunga kila kitu, feni inazunguka bure, au inavuta hewa kutoka usikotaka, kama kwenye mrija wa bafu au bomba la moshi la hita ya gesi kwa wenye nayo, na hilo linaweza kurudisha ndani kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini.

Nikaenda chumbani nikaleta chetezo. Nikatia kaa moja na ubani, nikaiweka juu ya jiko baridi, mitungi bado iko nje. Dirisha likiwa limefungwa, moshi wa ubani ulipanda, ukasita chini ya hudi, ukajikunja na kutoroka pembeni kuelekea usoni kwangu. Nikafungua dirisha. Moshi ukanyooka. Ulikuwa uzi mmoja mweupe, umesimama wima kutoka kwenye kaa mpaka kwenye chujio, hautikisiki. Nikakimbilia uani, na ule ubani ulikuwa unatoka juu ya ukuta na kwenda zake magharibi, harufu yake imechanganyika na ya bati jipya. Mzee alisimama kando yangu mikono nyuma. Hatukusema kitu kwa muda.

Kuna jambo la mwisho alilolifanya, ambalo halihusu bomba, na naliona muhimu kuliko bomba. Alitoboa tundu jingine, dogo, chini kabisa ya ukuta wa magharibi, usawa wa sakafu, karibu na mtungi unapokaa, akaweka kibati chenye matundu. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inatandaa sakafuni kama maji, na hudi iliyo juu haina habari nayo. Kwa hiyo ukisikia harufu ya gesi usikimbilie kuwasha hudi ukidhani itaivuta. Usiguse swichi yoyote, ya kuwasha wala ya kuzima, kwa sababu swichi hutoa cheche. Funga mtungi ukiweza, fungua mlango na madirisha, toa watu nje. Mpira wa gesi tuliubadilisha kwa kuwa jiko lilihama, haupiti nyuma ya jiko penye joto, na viungo nilivipaka povu la sabuni. Hakuna kiputo kilichotoka.

Umeme ukikatika nikiwa nakaanga, nafungua dirisha lote na napunguza moto. Mkaa, gesi ikiniishia, nautumia uani tu. Hudi yenye feni iliyozimwa haimlindi mtu na moshi wa mkaa. Na karai likishika moto, nimewafundisha wanangu kwa kuwaonyesha: zima jiko, zima feni, funika karai kwa sinia, toka nje. Maji hapana kabisa. Sinia la kufunikia linaning'inia mlangoni, halitumiki kwa kitu kingine.

Machujio nayaosha kila Jumapili ya pili, maji ya moto, sabuni, na magadi kidogo. Kidirisha cha elbo nilikifungua juzi, miezi mitatu tangu kufungwa. Nilipitisha kitambaa cheupe ndani, kikatoka na utando mwembamba wa rangi ya chai. Nikafuta mpaka kikatoka safi, nikafunga klipu.

Darini tulikwangua ile mbao ya kenchi kwa siku mbili, mimi na shemeji, kwa tindo na vitambaa vyenye sabuni kali, umeme umezimwa. Nyaya mbili zimebadilishwa. Kipande cha jipsamu chenye duara la manjano kimetolewa, na kwa sasa pale juu pana tundu la mraba nililoziba kwa plaiwudi mpaka nipate pesa ya dari. Kifuniko cha nje kimeshaanza kutu kwenye kona, hewa yetu ya chumvi haimwachi mtu. Mzee amesema ataleta cha aluminiamu Jumamosi, akija kumalizia mfereji wa jirani.